Nyumba Iliyopoteza Miguu: Historia Fupi ya Unyevu na Kuvu Chini Yetu

Mvua zikishaingia sawasawa, nyumba nyingi za kwetu Tanganyika zinabadilika harufu. Ukutani, karibu na sakafu, rangi inavimba na kuanguka kama maganda. Nyuma ya kabati kunaota madoa meusi. Nguo zilizokunjwa ndani ya valizi zinatoka na ukungu wa kijani. Mama mwenye nyumba anafungua dirisha, anasugua, anapaka rangi upya, na mwaka unaofuata madoa yanarudi paka pale pale. Mmoja anasema kosa ni la fundi. Mwingine anasema kiwanja kina jambo.

Leo tuangalie mambo haya kwa njia ya historia, juu shida ya kuvu ndani ya nyumba si ya leo, na dawa yake pia si ya leo. Hoja yangu ni hii: zamani, kitu cha thamani kilijengwa juu ya miguu, na chini yake hewa ilipita. Halafu tukaanza kujenga kwa vifaa vya nguvu zaidi, na miguu ikaondoka. Ile nafasi ndogo kati ya udongo na sakafu, ambayo hakuna mtu anaiangalia, njo inaamua kama chumba kitakauka au kitaoza. Na inaamua pia kama bukari ya mezani ni chakula au ni sumu.

1. Tunaishi juu ya maji

Angalia mahali tulipo. Ankoro iko pale Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru, unapoingia ndani ya Lualaba. Kalemie iko karibu na mdomo wa Lukuga, mlango pekee ambao Ziwa Tanganyika linatolea maji yake. Watu walikaa sehemu hizo kwa sababu ya samaki, udongo wenye rutuba na njia ya mitumbwi. Walichagua vizuri. Lakini bei yake ni kwamba maji ya chini ya ardhi hayako mbali na miguu yetu.

Na maji hayo hayatulii. Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, waliona mlango umezibwa na majani na mchanga, maji karibu hayatembei. Ziwa lilikuwa linapanda. Kufika karibu na 1878 lilivunja kizuizi hicho. Hore, mmisionari Mwingereza aliyepita pale mwaka 1879, alikuta mto wenye nguvu unakimbia kuelekea Lualaba. Katika miaka kama kumi na tano iliyofuata, ziwa lilishuka karibu mita 10. Fikiria: mita 10 za maji, katika ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 600! Udongo wa pwani ambao watu walijenga juu yake baadaye, sehemu yake ulikuwa bado chini ya maji wakati wa wankambo wetu.

Halafu mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha tena, mpaka 1964. Na sisi wenyewe tumeona mwaka 2021, na tena 2024, namna maji yalivyoingia ndani ya nyumba za pwani, Kalemie, Uvira na Bujumbura. Kwa hiyo mtu anaposema "hapa zamani hapakuwa na maji", tumuulize: zamani gani?

Lakini mafuriko ni adui anayeonekana. Tunamkimbia, halafu tunarudi. Yule mwingine hatumuoni. Udongo na tofali vina vitundu vidogo sana, na maji yanapanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda ndani ya utambi wa taa. Hakuna mtu anayeyasukuma. Tofali likigusa udongo wenye maji, linanyonya, na unyevu unaweza kupanda ukutani hata mita moja. Mstari ule wa rangi iliyoanguka, unaouona kwa urefu wa goti au wa kiuno, njo mahali utambi unapoishia. Ule unga mweupe unaobaki mkononi ukigusa ukuta ni chumvi za udongo: maji yamezibeba, yamekauka, na kuziacha pale.

2. Ghala ilikuwa na miguu

Wankambo hawakuwa na kitabu cha fizikia, lakini walijua kazi ya utambi. Angalia ghala ya mahindi au ya mtama, namna ilivyojengwa kwetu na katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki na ya kati. Inasimama juu ya nguzo. Sakafu yake ni miti iliyopangwa, haigusi udongo. Ukuta ni fito zilizosukwa, paa ni majani yanayotoka nje ya ukuta ili mvua isirudi ndani. Chini yake mbuzi wanapumzika, kuku wanapita, na hewa inapita pamoja nao. Pengine moto mdogo unawashwa pale chini, moshi unakausha nafaka na kufukuza wadudu. Mbegu za mwaka ujao zinatundikwa juu ya mafiga jikoni.

Sisi wa agronomie tunafundishwa kwamba mahindi ya kutunza yanapaswa kushuka mpaka asilimia 13 hivi ya unyevu, na kwamba yasiguse sakafu wala ukuta. Ghala ile ilikuwa inafanya kazi hiyo kabla ya fakilte yoyote kufunguliwa.

Tuseme ukweli mzima lakini. Nyumba ya kulala yenyewe mara nyingi haikuwa na miguu. Ilikaa chini, juu ya udongo uliopigwa na kukandwa. Ilijikinga kwa njia nyingine: moto uliwaka ndani kila usiku, paa la majani liliacha hewa itoke, na nyumba ikizeeka watu walijenga nyingine pembeni. Moshi ule uliumiza macho na mapafu, tusiusifu bure. Lakini unaona mpango wao: mtu alikaa chini pamoja na moto, chakula kilikaa juu pamoja na hewa. Hakuna aliyeweka vyote viwili chini bila moto na bila hewa. Sisi njo tunafanya vile.

3. Boma: miguu ya chuma, sababu ya uongo

Sasa twende mbali kidogo, Boma, karibu na bahari, mji uliokuwa makao makuu ya serikali ya Leopold kuanzia 1886. Picha za wakati ule zinaonyesha nyumba za wakubwa zimesimama juu ya nguzo za chuma. Vipande vilikuja kwa meli kutoka Ulaya na kuunganishwa pale. Hata kanisa lao la chuma, ambalo lipo mpaka leo, lilikuja namna hiyo. Mtu aliweza kuinama na kuona upande wa pili wa nyumba.

Kwa nini waliweka miguu? Si kwa sababu ya kuvu kwanza. Waliogopa homa. Madaktari wengi wa karne ya 19 waliamini kwamba malaria inatoka kwenye pumzi mbaya ya udongo wenye maji. Jina lenyewe, kwa Kitaliano, maana yake ni hewa mbaya. Basi walitaka kulala mbali na udongo.

Sababu ilikuwa ya uongo. Laveran aliona kidudu cha malaria ndani ya damu mwaka 1880, huko Algeria, na Ross akakiona ndani ya mbu mwaka 1897, huko India. Udongo haukuwa na hatia. Lakini tazama maajabu ya historia: nyumba iliyojengwa kwa hofu isiyo sahihi ilikuwa nyumba kavu. Mchwa walipata shida kupanda bila kuonekana, mbao za sakafu hazikuoza upesi, na maji ya mvua yalipita chini na kwenda zake. Nairobi nako, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, nyumba nyingi za kwanza za Wazungu zilikuwa za mbao na mabati juu ya nguzo fupi.

Mbu alipojulikana, hofu ilibadilika mahali. Sasa walitaka wavu madirishani, na walitaka mtaa wa Waafrika ukae mbali na mtaa wao. Hivyo njo ilizaliwa ile sehemu tupu kati ya "ville" na "cité" katika miji ya Kongo. Elimu mpya ya mbu ilitumika kutenga watu. Na miguu ya nyumba, ambayo kazi yake ilikuwa imefungwa na hofu ya zamani, ilikosa mtetezi. Walioitupa waliona wametupa ujinga tu. Hawakuona kwamba ndani ya ujinga ule kulikuwa na kazi ya kweli ambayo hakuna aliyeiandika.

4. Simenti ikaja, miguu ikaondoka

Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, Kalemie ikiitwa Albertville. Reli inaleta simenti, mabati na vipimo vya nyumba za wafanyakazi. Baadaye, katika mpango wa miaka kumi wa 1949–1959, serikali ya kikoloni ilianza kujenga mitaa mizima kwa ajili ya Waafrika, na mwaka 1952 ikaunda Office des Cités Africaines kwa kazi hiyo katika miji mikubwa. Nyumba ya mfano ikawa ile tunayoijua: msingi mfupi, tofali, sakafu ya simenti juu ya udongo, mabati juu. Ilikuwa rahisi kujenga, rahisi kuhesabu, na haikuliwa na mchwa kama fito. Watu waliipenda, na walikuwa na haki. Nyumba ya tofali ikawa alama ya mtu aliyefika.

Shida ni kwamba tulichukua umbo bila kuchukua siri zake zote. Fundi aliyesoma alijua kuweka, juu ya msingi na chini ya tofali la kwanza, tabaka isiyopitisha maji: lami, karatasi ya lami, au simenti nzito. Ni tabaka nyembamba tu, inakata utambi. Uingereza ilianza kuidai katika kanuni za ujenzi tangu karne ya 19. Lakini tabaka hiyo inafunikwa siku ileile inapowekwa, na kitu kisichoonekana njo cha kwanza kuondolewa pesa zikipungua. Mwenye nyumba anaona mabati, anaona mlango wa chuma. Nani ataonyesha wageni tabaka ya lami?

Halafu tunaongeza kosa juu ya kosa. Ukuta wa tofali za udongo ukilowa, tunaufunika kwa simenti ili upendeze. Maji yaliyokuwa yanatoka polepole kupitia ukuta sasa yanafungwa ndani. Yanapanda juu zaidi, au yanatokea upande wa chumbani. Mafundi wanaotunza nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wanajua somo hili vizuri: ukuta wa zamani unapumua, na ukiuziba kwa simenti ngumu unaoza ukiwa umevaa vizuri. Ndiyo maana wanarudi kwa chokaa.

5. Kitu kinachotokea magunia yakilala chumbani

Mtu atasema: madoa ya ukutani ni aibu tu, hayaui mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na ulisema wazi kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wanapata zaidi kikohozi, shida ya kupumua na pumu. Hilo peke yake linatosha kwa mama mwenye mtoto mchanga. Lakini kwetu kuna hatari ya pili, nayo inapitia chungu.

Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, watu walianza kuugua ini: macho ya manjano, tumbo kujaa, halafu kifo. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Sababu ilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus ndani ya mahindi. Wachunguzi walipima sampuli 350 za mahindi ya sokoni, na asilimia 55 zilizidi kipimo kilichoruhusiwa. Walipolinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za wazima, waliona tofauti moja kubwa: wagonjwa walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu, tena mengi ndani ya nyumba. Watu hawa hawakuwa wavivu. Chakula kilikuwa kidogo, wezi walikuwa wengi, wakavuna mapema na kulala na mavuno yao.

Je, jambo hilo halitufanani? Huku kwetu, tangu miaka ya vita, ghala ya nje imekuwa mwaliko kwa mwizi na kwa mwenye bunduki. Familia nyingi ziliingiza magunia ndani, zikayapanga juu ya sakafu ya simenti, yameegemea ukuta, mlango umefungwa. Nani atawalaumu? Walikuwa wanaokoa chakula. Lakini sakafu ile imekaa moja kwa moja juu ya udongo wa Lualaba. Gunia la chini linanyonya, na kuvu inaanza mahali ambapo jicho halifiki. Ghala pia ilipoteza miguu, na safari hii si simenti peke yake iliyoikata. Vita njo iliikata.

Na tujue vizuri: aflatoksini haiishi kwa kupika. Bukari inachemka, kuvu inakufa, sumu inabaki. Kuosha na kuanika upya mahindi yaliyooza kunabadilisha harufu tu. Karanga nazo ziko katika hatari hiyo hiyo.

6. Hewa peke yake si dawa

Hapa ningependa tusikimbie haraka kusema "basi weka nafasi chini ya nyumba, tumemaliza." Marekani nyumba nyingi zina nafasi fupi chini ya sakafu, mtu anaweza kuingia kwa kutambaa tu, imezungushiwa ukuta wenye matundu ya hewa. Kwa miaka mingi waliamini matundu yanakausha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima nyumba 12 zinazofanana katika mji mdogo wa Princeville, North Carolina. Ni mji ulioanzishwa na Waafrika waliotoka utumwani, pembeni ya mto, na uliozama katika mafuriko ya 1999. Walikuta kitu cha kushangaza: wakati wa joto, nafasi zenye matundu zilikuwa na unyevu zaidi kuliko zile zilizozibwa, huku udongo wake umefunikwa kwa plastiki. Hewa ya nje, yenye joto na mvuke, iliingia mahali penye baridi na kutoa maji yake pale, kama chupa ya bia baridi inavyotoka jasho mezani.

Somo kwetu ni hili. Ghala ya wankambo haikuwa na sanduku chini yake, ilikuwa wazi pande zote: upepo ulipita na jua liliingia pembeni. Tundu mbili ndogo kwenye ukuta wa msingi hazifanyi kazi hiyo. Na udongo ulio chini lazima ufunikwe au maji yake yaelekezwe mbali, la sivyo unaendelea kutoa mvuke usiku na mchana. Ama acha wazi kabisa, ama funga sawasawa. Katikati njo mahali kuvu inapopenda.

7. Basi tufanye nini

Hatuna haja ya kubomoa mtaa. Tunahitaji kurudisha miguu mahali inapowezekana, kidogo kidogo.

Anayejenga sasa: ainue msingi juu ya udongo, hata sentimita 40 au 50, aweke tabaka ya lami au plastiki nzito chini ya tofali la kwanza, na atandike plastiki chini ya sakafu kabla ya kumwaga simenti. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya mabati.

Aliye na nyumba tayari: aanze nje. Maji ya paa yasianguke kwenye mguu wa ukuta. Achimbe mfereji unaoteremka mbali na nyumba, na aondoe udongo na takataka zilizorundikwa ukutani. Kabla ya kupaka simenti juu ya ukuta uliolowa, auache ukauke kiangazi kizima, halafu atumie chokaa. Kabati na kitanda viachane na ukuta kwa upana wa mkono.

Kwa magunia, jambo hili ni la usiku wa leo: yasiguse sakafu, yasiguse ukuta. Mbao nne juu ya matofali zinatosha, hiyo tayari ni miguu. Mahindi yakauke vizuri kwanza juu ya bashe, si juu ya udongo. Chukua chupa kavu ya glasi, weka punje ndani pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa na uache dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Punje zenye kuvu zitolewe na zisipewe kuku wala nguruwe, juu sumu inapita hata kwa mnyama.

Wandugu, kwa kawaida tunaposema maendeleo tunaangalia juu: paa, etaji, antena. Historia hii inatuomba tuiname. Kizazi kimoja kilijua kazi ya miguu bila kuiandika, kingine kikaiweka kwa sababu ya uongo, kingine kikaiondoa kwa sababu hakikujua ilifanya nini. Sisi tuna bahati ya kuzijua sababu zote tatu. Basi tuwaulize wazazi na wankambo waliobaki, kila mmoja kwao, Ankoro, Manono, Kabalo, Nyunzu, Moba: ghala yenu ilisimama juu ya nini, na iliondoka mwaka gani? Majibu yao tuyaandike, maana watu wanaokumbuka wanapungua, na mvua zitarudi mwezi wa kumi kama kawaida.